Kati ya Mgomba na Mpunga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pembezoni mwa Moshi

Nimezaliwa Uru, chini ya migomba, na nimejenga Msaranga. Wanaoniuliza maswali haya ni vijana wanaotafuta kiwanja, ndugu waliostaafu Dar es Salaam wanaotaka kurudi nyumbani, na wanafunzi wa vyuo vyetu wanaoandika tasnifu. Utaona narudia neno maji mara nyingi. Sijui namna nyingine ya kuieleza nchi hii.

Pembezoni mwa Moshi ni wapi hasa?

Manispaa ya Moshi ina ukubwa wa kilomita za mraba 59 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 221,733. Ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 184,292. Eneo ni finyu na watu wanaongezeka, kwa hiyo mji umeshamwagika nje ya mipaka yake na kuingia vijiji vya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi.

Kaskazini, pembezoni ni pale mageti ya chuma yanapoanza kupotelea kwenye migomba, ukielekea Kibosho, Uru au Old Moshi. Mashariki ni Msaranga na Kiboriloni, njia ya Himo. Kusini unapita Pasua na kuingia Mabogini, nyumba zinaachana na mpunga unaanza. Magharibi, ukishavuka Karanga na Weruweru, unaelekea Hai. Mimi huwa natumia masikio: mahali ambapo asubuhi jogoo anawika na mashine ya kufyatulia tofali inanguruma kwa wakati mmoja, hapo ndipo pembezoni.

Shika jambo moja mapema. Upande mmoja wa mpaka unaishi kwenye mtaa, upande wa pili unaishi kijijini, na sheria ya ardhi inayotumika si ileile. Tutalirudia kwenye swali la kiwanja.

Mbona juu na chini panatofautiana hivyo, na ni kilomita chache tu?

Ni mlima. Mji umekaa kwenye mita 700 hadi 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Panda daladala la Kibosho, na kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako wa kiti umepita mita 1,300 na unatafuta sweta. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga kifua cha Kilimanjaro upande wa kusini na kumwaga mvua huko. Vijiji vya juu vinaweza kupata karibu maradufu ya mvua ya mjini, wakati Kahe na Arusha Chini wanapata pungufu kuliko mji. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini kule juu manyunyu yanaweza kukukuta hata Julai.

Wazee waliigawa nchi kufuatana na hali hiyo. Juu ni mgombani, ndiko nyumbani. Chini ni shambani, wengine wanasema porini, ndiko kwenye mahindi, maharage na ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Familia moja ilikuwa na vyote viwili. Bibi yangu alishuka alfajiri, akapanda tena jioni na mzigo wa mabua kichwani kwa ajili ya ng'ombe aliyefungwa zizini. Ng'ombe akila mabua ya tambarare, samadi yake inaingia kwenye migomba ya juu. Kwa vizazi vingi rutuba ya chini ilipanda mlima kwenye vichwa vya wanawake, na sijawahi kuona mahali wamewekewa hata kibao cha shukrani.

Mtu akikuambia tambarare ilikuwa pori lisilo na wenyewe, mkatalie. Wakahe walikuwapo, wafugaji wa Kimaasai walipita na mifugo, na mashamba ya watu wa mlimani yalikuwapo.

Kihamba ni nini, na kwa nini watu wanakililia hivyo?

Kihamba ni ardhi ya ukoo yenye nyumba, shamba na makaburi mahali pamoja. Vingi siku hizi havifiki hata ekari moja. Ukisimama ndani yake tazama kwanza juu: kuna mruka, mringaringa, mgrivea. Chini ya miti hiyo kuna migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu vinapanda kwenye mashina. Hakuna jua linalofika chini bila kutumiwa na mtu njiani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu, huko kwetu Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Mpaka wa kihamba ni masale. Ni mmea wa majani marefu membamba, ya kijani kilichokolea, wenye shina jembamba kama kifundo cha mkono wa mtoto, na ukilikata linachipua tena. Ndiyo maana likachaguliwa kushika mpaka: jirani akiling'oa usiku, mizizi iliyobaki itamshtaki baada ya mvua. Jani hilohilo likifungwa fundo na kuletwa kwako na aliyekukosea, desturi inakubana, huwezi kumfukuza bila kumsikiliza. Nimeona ugomvi wa miaka sita wa ndugu wawili ukiisha sebuleni kwetu kwa jani moja la sale lililowekwa juu ya meza, na hakuna aliyepandisha sauti.

Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliotangulizwa katika urithi, wa mwisho akibaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati walitafuta pa kwenda. Tambarare ya Moshi ilijazwa na hao wa katikati, na miji mingi ya Tanzania vilevile. Mabinti desturi iliwaacha kando kabisa, na hapo desturi ilikosea. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Ukoo unaotaka kubaki na heshima uzifuate bila kusubiri kuitwa barazani.

Desemba watu wanaporudi kwa wingi, husemwa wanakwenda kuhesabiwa. Wengine wanacheka. Mimi naona ni kweli tupu: unasimama mahali alipolala babu yako, wadogo wanakuamkia, unajulikana wewe ni wa nani.

Na kahawa imeenda wapi?

Ipo, ila imepungua. Kahawa ndiyo iliyosomesha watu wa huku. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mojawapo ya vyama vya ushirika vikongwe zaidi barani Afrika. Utafiti wa kahawa unafanyika hadi leo Lyamungu, upande wa Hai. Lakini mbuni unachukua miaka kadhaa kabla ya kukulipa vizuri, na karo ya mtoto haisubiri. Wengi waling'oa wakapanda ndizi za kuuza, nyanya, parachichi. Wengine walipanda nyumba ya kupangisha.

Kwa nini panaitwa Old Moshi?

Kwa sababu Moshi yenyewe ilianzia huko juu. Ndiko alikotawala Mangi, yaani chifu, Rindi, na baada yake mwanawe Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, haikuweza kupanda mlima, kwa hiyo mji ndio ulioshuka kuifuata. Jina likagawanyika.

Huu mfereji unaopita kwenye kiwanja changu ni wa nani? Naweza kuufukia?

Usiufukie. Tafadhali soma jibu hili lote, maana hili ndilo swali lililonifanya niandike.

Huo si mfereji wa maji machafu na haukuchimbwa na manispaa. Kuna uwezekano mkubwa ni mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, au mkono wa mwisho wa mfongo. Wageni wa Ulaya waliofika hapa karne ya 19 waliikuta mifongo tayari inafanya kazi, na wakaishangaa. Maji yanachepushwa kwenye bonde la mto huko juu, yanaongozwa kwenye ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana, kilomita kwa kilomita, hadi yanatokea mgongoni penye vihamba. Waliopima mteremko huo hawakuwa na chombo chochote zaidi ya macho yao na maji yenyewe.

Nenda kwenye banio lolote la Uru, pale maji yanapochepushwa mtoni, uone. Kuna mawe yaliyopangwa, matawi, majani na udongo uliokanyagwa, na pale penye kuvuja wamechomeka magome ya mgomba. Linavuja kwa makusudi kiasi, ili mto usikauke kwa wa chini. Mafuriko yakija banio linasombwa lote, na kesho yake watu wanapanga mawe upya. Mfongo mwingine unaingia kwanza kwenye bwawa dogo, nduwa, linalojaa usiku ili asubuhi maji yatoke kwa nguvu. Zamu zinagawiwa na wazee wa mfongo. Siku ya kusafisha ikitangazwa, asiyekuja na jembe analipa faini, au zamu yake inapita bila maji.

Sasa mji umepanda na mifongo imekatwa vipande. Mtu wa kiwanja anaona mtaro mkavu mwezi wa Septemba, anadhani umekufa. Jirani yetu mmoja alimwaga lori mbili za kifusi humo akajenga ukuta juu yake. Masika ikaja. Maji yaliyokuwa na njia yake kwa muda mrefu kuliko umri wa mtu yeyote mtaani yakakosa pa kupita, yakaingia nyumba ya tatu kutoka kwake, kwa mama mjane, usiku, yakabeba magunia yake mawili ya mahindi. Meku mmoja, yaani mzee wa huku, aliitwa kusuluhisha. Alifika na jembe begani, hakugomba. Alitembea kimya akiangalia chini, akasimama, akasema, "Chimbeni hapa." Kwenye kina cha goti walikutana na mawe ya ukingo wa mfongo, yamepangwa safi kama jino kwa jino. Ukuta ukavunjwa kipande, ukawekewa kalvati, na aliyefukia akalipa mahindi.

Kwa hiyo kama mfongo umo kwenye kiwanja chako, uachie nafasi, uujengee kwa mawe ukitaka, weka kalvati pana penye geti, na umtafute mzee anayeujua. Ukitaka kutumia maji yake, jiunge na wenzako kwenye zamu. Vyanzo vya maji kisheria viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko hapa Moshi, na kibali cha kutumia maji huombwa huko.

Mpunga wa Mabogini na Chekereni ulianzaje?

Watu wa tambarare walilima mpunga kidogo tangu zamani, lakini mashamba yale ya mraba unayoyaona ni ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Maji yake yanatoka mito ya Njoro na Rau. Chuo cha kilimo cha Chekereni kilikua pamoja na mradi huo, na wakulima wengi leo wanapanda mbegu ya SARO.

Mradi ulifanikiwa hadi mafanikio yakawa tatizo. Wa juu ya mabanio walipoona mavuno, nao wakafungua majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo, na maji yaliyopangiwa mashamba ya chini yakaanza kukwama njiani. Wapo wenye majaruba mazuri, yaliyosawazishwa, ambao hulima mahindi au huacha wazi kwa sababu maji hayafiki. Usimlaumu wa juu peke yake. Naye ana watoto.

Kusini zaidi unaingia kwenye miwa ya TPC, kampuni ya sukari iliyoanzishwa na Wadenmark mwaka 1930, ikataifishwa, kisha ikabinafsishwa mwaka 2000. Serikali imebaki na hisa. Vijiji vinavyoizunguka vina watu wa makabila mengi kuliko mahali popote pengine pembezoni, kwa sababu kazi ya miwa iliwaita kutoka mbali.

Nataka kununua kiwanja pembezoni. Nianzie wapi?

Anza kwa kwenda mwezi wa Aprili. Nasema kwa uchungu. Mama yangu mdogo alinunua chini kule mwezi wa Agosti. Dalali alimpeleka saa nne asubuhi, jua kali, ardhi kavu, mlima umejifunika mawingu lakini upepo mzuri. Masika iliyofuata maji yalikaa kiwanjani siku kumi na moja. Baadaye nilipokwenda naye ndipo nikaona tulichopaswa kukiona siku ya kwanza: ukuta wa jirani ulikuwa na mstari wa kahawia, usawa wa goti, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Na kiwanja chote kilikuwa na ndago. Ukiona ndago na matete wakati wa kiangazi, ardhi inakueleza jambo.

Halafu uliza kama ni mtaa au kijiji. Kwenye mtaa, nenda kwa mwenyekiti na mtendaji, kisha kwa afisa ardhi wa halmashauri uangalie mchoro wa mipango miji: usije ukanunua barabara au uwanja wa shule. Kijijini, uhamisho wa ardhi unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na haki ya kimila ina uzito sawa na hati ya serikali. Karatasi iliyoandikwa na kusainiwa usiku nyumbani kwa muuzaji haikulindi. Majirani wa pande zote wawepo siku ya kupima kwa futi kamba. Mke au mume wa muuzaji asaini, na kama ni ardhi ya ukoo, waulize ndugu mmoja mmoja bila muuzaji kuwepo.

Umbali nao upime. Barabara kuu na za mkoa hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mto na chanzo cha maji, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Dalali atakuambia wote wamejenga hapo. Ni kweli wamejenga, na ni kweli siku ya bomoabomoa watabomolewa wote.

Kununua kihamba cha watu? Mimi sishauri. Hata kama karatasi ni safi, utaishi kando ya makaburi ya wengine, na watakuja kuyasafisha kila Desemba wakikuangalia.

Kwa nini nyumba za tambarare zinapasuka?

Udongo. Juu ni mwekundu wa volkano, unapitisha maji na kutulia. Chini sehemu nyingi ni udongo wa mbuga, mweusi, unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mwezi wa Februari utaingiza kiganja kwenye ufa wa ardhi. Nyumba ikikaa juu ya udongo huo kwa msingi wa kubahatisha, ufa unaanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari hadi kwenye linta. Mwambie fundi achimbe hadi apite weusi, au autoe na kujaza moramu iliyoshindiliwa, na afunge mkanda wa zege wenye nondo chini na juu. Usipande mti mkubwa ukutani. Maji ya paa yapeleke mbali. Ni gharama, ndiyo, ila kiwanja chenyewe ulikipata kwa bei nafuu kwa sababu hiyohiyo.

Theluji ikiisha, maji yetu yataisha?

Swali hili huulizwa kwa hofu, na hofu imeelekezwa pasipo. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, inaumiza kuitazama. Lakini barafu huchangia kidogo sana kwenye mito yetu. Maji ya Moshi yanatengenezwa na msitu: mvua ya msituni, na ukungu unaonaswa na majani na ndevu za miti na kudondoka chini tone kwa tone, ukaja kutokea kama chemchemi huku kwetu. Msitu huo uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Kwenye ukingo wake wa chini kuna ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani. Mti unaokatwa huko usiku, hasara yake inaonekana kwenye jaruba la Chekereni.

Msitu wa Rau bado upo?

Upo, dakika chache kutoka mjini, una mivule mikubwa na mbega wanaoruka juu yako. Umezungukwa na mashamba na nyumba. Nenda na watoto.

Nikiwa na siku moja tu ya kuiona nchi hii, nipite wapi?

Anza juu, alfajiri, kabla mlima haujajifunika. Panda gari la Uru hadi Materuni, halafu shuka kwa miguu ukifuata mfongo wowote utakaoukuta. Wenyeji wasalimie, shikamoo haijawahi kumchosha mtu, nao watakuonyesha njia. Pata ndizi nyama au mtori ukifika Rau. Mchana vuka mji bila kusimama, chukua bodaboda kutoka Pasua uende Mabogini hadi Chekereni, ufike kama saa kumi, jua likiwa limelegea na watu wako kwenye majaruba. Simama kwenye kingo, tazama nyuma. Mawingu yakikuhurumia utaona Kibo yote, msitu mweusi chini yake, migomba chini ya msitu, mabati ya mji yanang'aa, na miguuni pako maji yanaingia jarubani taratibu, mtu amepinda mgongo akiyafungulia njia kwa jembe.